Anayeunganisha trela asimweke mtu katikati

Mhariri,

Mwezi uliopita, katika kituo cha mafuta kilichoko kando ya barabara ya Masaka, si mbali na Lukaya, nilimwona kijana akipondeka vidole viwili vya mkono wa kulia. Alikuwa ameitwa na dereva wa gari-nyumba, yaani lile gari kubwa lenye vitanda na jiko ndani ambalo siku hizi tunaliona likipita na watalii, ili amsaidie kuunganisha trela la mizigo. Alisimama pale wanaposimama wasaidizi wote: katikati ya gari na trela, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine ukimwashiria dereva arudi nyuma. Dereva hakuwa amelewa, wala hakuwa na haraka. Alizidi kurudi kwa sababu hakuweza kumwona kijana huyo, na mngurumo wa injini ya dizeli ulimeza sauti ya kumzuia.

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme kwamba kijana yule hakuhitajika pale. Trela zito linaweza kuunganishwa na mtu mmoja, hata nyuma ya gari-nyumba, na mtu huyo akifuata utaratibu huwa salama kuliko watu wawili wanaofanya kazi jinsi nilivyoona siku ile.

Ninaandika kama mtu aliyewahi kutenda kosa hilo hilo. Kwa miaka 19 niliendesha malori kati ya Mombasa na Kampala, na kila tulipounganisha trela, utingo wangu ndiye aliyesimama katikati. Sikuwahi kujiuliza angekimbilia wapi iwapo mguu wangu ungeteleza kwenye klachi. Sasa ninaendesha gari-nyumba lililojengwa juu ya chesisi ya lori la Kijapani, nikipeleka kambi ya watalii Kidepo, hifadhi ya wanyama iliyoko kaskazini-mashariki mwa Uganda. Wageni huenda kwa ndege ndogo. Mimi huenda kwa barabara, peke yangu, kupitia Gulu na Kitgum, nikivuta trela la ekseli mbili lenye jenereta, tangi la maji na mahema. Likijaa lina kilo 1,800. Trela la namna hiyo halisukumwi kwa bega, na kwa kuwa lina magurudumu manne yaliyokaa mawili mawili, halikubali hata kugeuzwa kidogo na mtu mmoja likiwa limesimama. Kwa hiyo ilinibidi nijifunze kulisogeza gari hadi lilifuate trela, badala ya kutafuta vijana wa kulivuta trela lilifuate gari.

Gari-nyumba lina ugumu wake. Mwenye pikapu hugeuza shingo akaona nyuma yake. Mimi nyuma yangu kuna kabati, choo na ukuta usio na dirisha. Vioo vya pembeni vinaonyesha ubavu wa gari tu, na trela likiwa jembamba kuliko gari, halionekani kabisa mpaka gari lipinde. Tena magari haya yana mkia mrefu nyuma ya ekseli ya mwisho. Usukani ukizungushwa kidogo tu, tufe la kuvutia, yaani mpira wa chuma unaofungiwa trela, lililoko kwenye mwisho wa mkia huo, husogea kando kwa kiasi kikubwa kuliko dereva anavyodhani.

Mkia huo unaathiri uzito pia, na hapa ndipo naona madereva wengi na hata mafundi wakipuuza. Inashauriwa kwamba mkono wa mbele wa trela ulielemee tufe kwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Kwa trela langu hiyo ni kilo 180 kwa uchache. Ekseli zangu mbili za gari zimeachana mita 4, na tufe liko mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kwa kanuni ya wenzo, kilo 180 zinazokandamiza tufe huinua kilo 90 kutoka kwenye magurudumu ya mbele, na ekseli ya nyuma hubeba kilo 270 za ziada. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayopinda kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Mtu akiyapunguzia uzito kisha ateremke milima ya Kabale katika mvua, usukani utamwambia mapema kwamba kuna jambo. Wengine, wakiogopa hilo, huhamishia mizigo nyuma ya trela ili mkono wake uwe mwepesi, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu trela lililolemewa nyuma huanza kuyumba kushoto na kulia mwendo unapoongezeka, na likishaanza si rahisi kulituliza. Mimi huupima uzito wa mkono kwa mizani ya jukwaa ya wanunuzi wa kahawa, ambayo hapa Masaka haikosekani. Naweka kipande cha mbao juu ya mizani, nateremsha mkono wa trela juu yake likiwa limekaa sawa, nasoma. Ni kazi ya dakika tano.

Nirudi kwenye kuunganisha. Kazi ya kuunganisha vizuri huanza wakati wa kuachanisha. Kabla sijalitoa trela, naweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yake, pande zote mbili, kwa sababu trela lisilozuiwa hutembea mara tu linapoachwa na gari, hata mahali ambapo jicho linaona ni tambarare. Kisha nachora ardhini, kwa chokaa au kwa kuchimba mfereji mdogo kwenye murram, mstari unaogusa gurudumu la mbele la gari la upande wangu, na mwingine kando ya gurudumu la nyuma la upande huo huo. Nikirudi, hata kama ni baada ya siku tatu, sihitaji kuliona tufe. Natoa kichwa dirishani, naliangalia gurudumu la mbele, naliona la nyuma kwenye kioo, na magurudumu yote mawili yakikaa kwenye mistari yake, tufe nalo limerudi mahali pake kwa tofauti ya sentimita chache.

Mvua ikifuta mistari, au trela likiwa limeegeshwa na mtu mwingine, natumia fito mbili ndefu zenye kitambaa chekundu nchani. Moja naifunga wima penye tufe, nyingine juu ya mkono wa trela, zote zikiwa ndefu kiasi cha kuonekana juu ya paa la trela kwenye kamera ndogo iliyofungwa nyuma ya gari. Vitambaa vikikaribiana, nasimama. Asiye na kamera wala dirisha la nyuma atalazimika kushuka kila baada ya nusu mita, na namshauri asione haya kufanya hivyo. Mimi mwenye kamera hushuka mara nne au tano: nazima injini, navuta breki ya mkono, naweka gia, natembea hadi nyuma, natazama, narudi. Mara ya mwisho huwa imebaki sentimita mbili au tatu tu, na hapo ndipo penye kishawishi cha kulivuta trela kwa mikono. Kishawishi hicho kisifuatwe. Gari liende mbele mita tano na kurudi upya likiwa limenyooka. Dizeli inayopotea ni kidogo.

Jeki ya mkono wa trela inahitaji kukanyaga kitu kigumu. Kwenye murram iliyolowa, gurudumu dogo la jeki huzama pole pole, na mkono ulioachwa asubuhi ukiwa juu ya tufe hukutwa jioni uko chini yake. Ubao mpana chini ya jeki unaondoa tatizo hilo. Kikombe cha trela, kile kilichoko kwenye ncha ya mkono na kinacholifunika tufe, kiinuliwe mpaka kipite juu ya tufe kwa upana wa vidole viwili, kwa sababu kikiwa chini zaidi gari litakigonga na kulirusha trela nyuma, kabari au bila kabari.

Kikombe kikishashuka, kuna udanganyifu mmoja ambao umewaangusha hata wazoefu. Kikombe kinaweza kukaa juu ya kichwa cha tufe bila kulimeza, komeo likafungwa kwa nusu, na kwa macho kila kitu kikaonekana sawa. Kipimo chake ni rahisi: baada ya kufunga komeo na kutia pini, izungushe tena jeki kana kwamba unataka kuinua mkono wa trela. Ikiwa vimeshikana, mkia wa gari utainuka pamoja nao. Ikiwa kikombe kinachomoka, shukuru kwamba kimechomoka mahali hapo na si kwenye mteremko.

Suala la kipimo cha tufe linahitaji kusemwa kwa mkazo kwa sababu magari yetu yanatoka pande zote za dunia. Tufe lililozoeleka huku ni la milimita 50. Vifaa vya Marekani hupimwa kwa inchi: liko tufe la inchi 2, ambalo ni milimita 50.8, na lipo kubwa zaidi la inchi 2 na sehemu tano za kumi na sita, karibu milimita 59. Kikombe cha tufe hilo kubwa kikiwekwa juu ya tufe la milimita 50 kitaingia bila shida na kitatoka bila shida vile vile. Kipimo huwa kimepigwa chapa juu ya tufe lenyewe, nami nawasihi mafundi wa kuchomelea wasikisage wala wasikipake rangi nzito.

Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono wa trela, ili mkono ukiponyoka uangukie juu yake badala ya kuchimba lami. Umeme uangaliwe pia: malori mengi ya Kijapani yana volti 24, na balbu za trela za volti 12 huungua mara moja zikiunganishwa nayo. Taa za breki nazikagua peke yangu kwa kukandamiza pedeli kwa kipande cha mti kinachobanwa na kiti. Kabari hutolewa mwisho kabisa, wakati kila kitu kingine kimekwisha.

Najua wapo watakaosema kwamba mtu mwenye macho ni bora kuliko mistari na fito. Sina ugomvi nao, mradi mtu huyo asimame kando, mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo muda wote, na dereva asimame papo hapo anapomkosa. Shida ni kwamba watu wetu ni wema. Ukianza kurudi nyuma na trela Kitgum au Luwero, kabla hujafika nusu ya njia vijana watatu wamekwisha kimbilia nyuma, mmoja amekwisha shika chuma, wakisema, “Mzee, rudi tu, sisi tupo.” Si rahisi kumkatalia mtu anayekupa nguvu zake bure. Mimi husimamisha gari, nashuka, nawasalimu, kisha namwambia aliye karibu zaidi, “Asante sana, mwanangu. Njoo usimame hapa mbele, unizuilie watoto wasipite nyuma.” Kazi hiyo ni ya kweli na ya muhimu, na hakuna aliyewahi kukasirika kupewa.

Ombi langu kwa wenye vituo vya mafuta katika barabara kuu, kuanzia Malaba hadi Mbarara na kaskazini hadi Gulu, ni kwamba waache ukanda mmoja ulionyooka na ulio sawa, hata ukiwa wa murram, ambamo gari lenye trela linaweza kuingia na kutoka bila kurudi nyuma. Kituo nilichokitaja hakina. Dereva yule alilazimika kuliachanisha trela ili apate kugeuza gari, na kijana akaitwa kwa ajili ya kuliunganisha upya.

Nilimtembelea juzi nyumbani kwao. Kidonda kinapona, ila kidole cha shahada bado hakikunji, naye kazi yake ni kubadilisha matairi.

Wako mwaminifu,
Dereva wa zamani wa malori,
Masaka, Uganda.