Risala ya wanandoa waliorejea kutoka utumishi Ujerumani kwa Mgeni Rasmi, siku ya kuwaaga wanaotumwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Askofu,
Wachungaji na mama wachungaji,
Watumishi mnaosafiri,
Bwana Yesu asifiwe.

Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Njia ile siku hizi inapitwa kwa pande zote mbili: tangu mwaka 1996, Vereinte Evangelische Mission yenye makao Wuppertal ni jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na watumishi wetu huenda kule kama wao walivyokuja huku. Tunashukuru. Ila risala hii haihusu mimbara. Kuhubiri mchungaji ameshafundishwa. Kinachowachosha wanandoa kule ni nyumba, makaratasi na baridi, na mbebaji wa mzigo huo mara nyingi ni yule asiye na barua ya ajira.

Mkishahamia kwenye nyumba mna siku 14 za kujiandikisha ofisi ya mji. Nendeni na pasipoti za wote wawili na fomu ambayo mwenye nyumba amesaini kuthibitisha kwamba mmehamia. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Baada ya hapo namba ya mlipa kodi huja kwa posta. Hapa ndipo penye mtego. Kwetu mume na mke mara nyingi wana majina tofauti kwenye pasipoti, na tarishi wa kule hufuata jina lililobandikwa kwenye sanduku la barua. Jina la mke lisipokuwapo, barua zake hurudi zilikotoka, naye hukaa bila namba wala kadi ya bima, akidhani ofisi imemsahau. Bandikeni majina yote mawili siku ileile mnayokabidhiwa funguo.

Barua zote zifunguliwe, hata zinazofanana na matangazo. Ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hudaiwa kila nyumba hata isiyo na televisheni. Anayezitupa barua hizo hukuta deni limelimbikizana.

Hita ya ukutani ina kifundo cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 5. Namba hizo ni kiwango cha joto, na 3 ni kama nyuzi 20. Ukiweka 5 chumba hakipati joto upesi zaidi, kinapitiliza tu, na gharama yake utaijua mwaka unaofuata hesabu ya matumizi ikifika. Wapo wanaoipokea wakiwa wanafunga mizigo ya kurudi, na akiba hawana.

Halafu mvuke. Sisi tunachemsha maharage saa nzima na zaidi, tunasonga ugali, tunafua na kuanika ndani kwa sababu nje ni barafu. Mvuke huo wote unatua kwenye kuta za baridi, na wiki chache baadaye ukungu mweusi unaota nyuma ya kabati. Mwenye nyumba anaweza kuwadai gharama ya kuuondoa. Zimeni hita, fungueni madirisha yote wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, kisha fungeni. Fanyeni hivyo mara tatu au nne kwa siku. Kosa la wengi ni kuliacha dirisha limeinamishwa kutwa, wazi kidogo tu kwa juu: ukuta unapoa na unyevu haupungui. Kabati nalo lisigusane na ukuta wa nje.

Saa ni mtihani mwingine. Mjerumani akisema "halb elf" utasikia nusu na kumi na moja, kumbe ni 10:30, yaani saa nne na nusu yetu. Mgeni hufika saa tano na nusu akakuta mazishi yamekwisha, maana msiba wa kule hauna turubai wala mkesha. Mkipanga miadi, andikeni tarakimu mbele ya mwenzenu, athibitishe.

Na kapu la sadaka lenye sarafu chache lisiwakwaze. Washarika wanaolipa kodi ya mapato hukatwa pia kodi ya kanisa, sawa na asilimia 9 ya kodi hiyo, au 8 katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg. Wameshatoa kabla hawajafika ibadani.

Baba Askofu, tuna maombi matatu.

Kubwa ni lugha kwa wote wawili. Viza ya mwenzi kwa kawaida hudai Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa. Hicho ni cha kununua mkate. Hakimwezeshi mtu kumweleza daktari maumivu wala kusoma barua ya mwenye nyumba. Tunaomba asisafiri mtu kabla ya kufika angalau A2, ngazi inayofuata, na ada ya darasa ilipwe kwa mume na mke sawasawa.

Pili, fedha ya kuanzia. Dhamana ya nyumba inaweza kufika kodi ya miezi mitatu, na nyumba nyingi hukabidhiwa bila jiko, nyingine hata balbu hazina. Posho ya mwezi wa kwanza haiwezi kubeba yote hayo.

Tatu, usharika mwenyeji uombwe kuteua familia moja ya kukaa na wageni mara moja kwa wiki, kwa miezi mitatu ya kwanza, wafungue barua pamoja. Kahawa wageni wataandaa wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu kwa niaba ya wanandoa waliorejea.