RISALA YA KIKUNDI CHA WAJITOLEA WA MAAFA KWA MGENI RASMI, SIKU YA KIBINADAMU DUNIANI, 19 AGOSTI

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi,
Viongozi wa dini, wenyeviti wa vitongoji, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama huku bonde la Rufiji, kwa barabara ambayo sasa nawe unaifahamu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, siku hii inakumbuka tarehe 19 Agosti 2003, bomu lilipolipua ofisi za Umoja wa Mataifa katika Hoteli ya Canal, Baghdad, wakafa watu 22, akiwemo Sérgio Vieira de Mello, mwakilishi maalumu wa Umoja huo nchini Iraq. Kikundi chetu kilianza baada ya mafuriko ya Aprili 2024. Historia ni hiyo.

Mafanikio ni makubwa: tuna filimbi 12 za kutoa tahadhari, ndoo 6 zenye koki, na grupu la WhatsApp lenye nidhamu ya hali ya juu.

Changamoto ni ghala. Vifaa vyote vimebanwa katika chumba kimoja cha kuazima: maturubai, petroli ya mashine ya boti, na klorini ya unga. Klorini haikai na petroli, vikigusana ni moto. Tena unga ule ukipata unyevunyevu na joto la bati huganda mabonge na nguvu yake hupungua, ila harufu inabaki kali vilevile. Hapo ndipo penye hatari. Kipindupindu kikiingia, kijiko kikubwa kimoja katika lita 20 ni maji ya kunawia mikono, vijiko kumi ni ya kuoshea sakafu na vitanda. Unga ukiwa umekufa, vipimo ni vilevile, sakafu inanukia usafi, na vimelea vinaendelea na shughuli zao.

Tunaomba chumba cha mita 6 kwa 4, chenye ukuta wa kutenga klorini, matundu ya hewa juu na chini, na sakafu iliyopanda sentimita 60 juu ya alama ya maji ya 2024. Vifaa vikae juu ya chaga, visiguse ukuta. Tofali 800 tumeshafyatua kwa nguvu zetu. Zimepungua saruji mifuko 60, mabati 24 ya geji 28, mbao za kenchi na fundi.

Mheshimiwa, hatusemi kwamba hatujasikilizwa. Wageni rasmi wawili waliokutangulia walisikiliza vizuri sana. Wa kwanza aliahidi saruji, wa pili akaweka jiwe la msingi, nasi tunalifuta vumbi kila mwaka siku kama ya leo. Jiwe lipo, msingi wenyewe ndio haupo. Kwa heshima zote, jiwe la pili hatuhitaji.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Tunaomba ahadi ya leo itajwe na tarehe yake, na Afisa Mtendaji aiandike hapahapa kabla ya chakula.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi