Jani lisilo na harufu

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako mwaka wa ishirini huu na sijawahi kukuandikia. Makala yenu ya Jumapili kuhusu lile jengo jipya la ofisi hapa kisiwani Mombasa imenishinda kunyamazia. Mmelisifu kwa baiofilia, usanifu wa kumweka mtu karibu na maumbile, na picha ya ukuta wa majani mkaijaza nusu ukurasa. Mwandishi wenu aliyagusa majani yale?

Mamangu aliyagusa. Haoni, lakini nyumbani kwetu Kibokoni hahitaji kushikwa mkono. Ubaridi wa kuta za mawe na chokaa humwambia yuko ukumbini, kusi ikimpiga shavuni ajua ametoka uani, na mrehani ukinukia basi leso yake imeugusa chunguni ulimopandwa. Mwezi uliopita nilimpeleka jengo hilo kwa shughuli ya pensheni. Akasikia ndege, akafurahi, akanyoosha mkono. Akapapasa jani, akalifikicha, akanusa vidole. "Mwanangu, mbona halina harufu?" Plastiki! Na ndege ni spika iliyofichwa darini, mlio ule ule unajirudia. Umeme ukakatika, ndege wakanyamaza, na madirisha ni ya vioo visivyofunguka. Tulikaa humo tukitota jasho, watu wazima na watoto wachanga, na bahari iko hatua chache tu nje inavuma upepo wa bure ambao wazee wetu waliujengea nyumba kwa boriti za mikoko, bila shahada.

Mmemtaja Roger Ulrich na utafiti wake wa 1984, kwamba wagonjwa waliotazama miti walitoka hospitali mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Ile ilikuwa miti hai, nje ya dirisha.

Na miti yenyewe tunaimaliza. Mtaani kwetu mwarobaini umekatwa juzi kupisha magari mawili, na wazee waliocheza bao chini yake wamerudi ndani. Mji wenye mtaa uitwao Mwembe Tayari!

Pendekezo langu: jengo lisiruhusiwe kukaliwa mpaka mkaguzi akae ndani nusu saa, Februari, saa nane mchana, umeme umezimwa, amefungwa kitambaa machoni. Kisha aseme amenusa nini, na upepo umemjia upande gani. Mamangu yuko tayari kufuatana naye.

Msomaji wenu,
Kibokoni, Mombasa