Nywele zetu na baridi hii ya Mbeya

Habari za jioni wapendwa. Wengi mmeniandikia kwamba tangu baridi ianze nywele zimekuwa ngumu na zinakatika. Juni hadi Agosti hewa ya huku kwetu ni kavu, na upepo ndio huo, nywele zinapoteza maji haraka.

Kosa ninaloliona sana ni kupaka mafuta kwenye nywele kavu. Mafuta hayaongezi maji, kazi yake ni kuyazuia yasitoke. Anza na maji: nyunyizia mpaka uzisikie zimelainika mkononi, paka losheni ya nywele, ndipo mafuta ya nazi au ya parachichi. Zidisha kwenye ncha, kwani ndizo kongwe. Chana kwa chanuo la meno mapana, ukianzia nchani kupanda juu. Jana nilimchana binti yangu hivyo, hakulia kabisa, nikamaliza kwa mabutu manne.

Parachichi la kuponda silipendekezi, hata liwe la Rungwe; vipande hung'ang'ania nywele.

Usiku funga kitambaa cha satini. Na kofia ya sufu, tafadhali, ivaeni juu ya kitambaa hicho, inasugua sana nywele.

Jumamosi saa nane tunaoshana kwangu. Kila mmoja aje na chanuo na taulo.