Magamba kwenye kitabu cha Hisabati

Kibokoni, Mombasa
19 Julai 2020

Somo yangu, wajina wangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, khofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali. Haya, salamu zishakwisha. Nisikilize sasa.

Usishangae kuona karatasi imepigwa picha. Nimejaribu mara tatu kukurekodia sauti, nikashindwa. Nyumba hii siku hizi haina pembe ya mtu kusemea siri. Jikoni yuko mama mkwe, darini yuko Baba Athman na redio yake, chooni nako nikikaa kidogo tu mtu ashabisha hodi. Basi nimeamka kabla ya adhana, nimekaa ngazini na daftari la mwanangu, nakuandikia kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipoolewa Tanga, zama zile barua inakwenda na utingo wa basi. Kurasa nimezichana katikati ya daftari. Safi kabisa, hazijaguswa na kalamu tangu Machi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Najua unanidai jibu tangu ile picha ya mwisho wa Juni. Nitaifikia.

Ni Athman. Si mgonjwa, usishtuke. Anapara samaki.

Wallahi ndivyo. Yule uliyemfunza alifu na be na te, na A na B, kabla hata hajatiwa nasari, sasa kila siku alfajiri anashuka sokoni bandari ya kale na kisu cha jikoni kwangu. Hicho kisu nacho nilikitafuta siku mbili nikamsingizia wifi yangu.

Nianze nyuma kidogo, maana ukilisikia hivi hivi utanilaumu. (Unilaumu, lakini baada ya kusoma.)

Shule zilipofungwa Machi kwa ajili ya korona tulidhani ni mchezo wa wiki mbili tatu. Watoto walifurahi kama wamepewa Iddi ya ziada. Halafu zikaja kazi za kwenye simu. Simu yenyewe moja, ya Baba Athman, na yeye hataki iguswe kwa sababu anangoja hoteli impigie. Bando ya shilingi 50 inakwisha video ya mwalimu bado inazunguka tu. Ruqaya wa gredi ya pili, huo mtaala mpya ndio kabisa, mwalimu anataka apelekewe picha ya mtoto akisaidia kazi za nyumbani. Tukampiga picha ameshika ufagio. Picha ilipotoka nzuri ufagio ukatupwa pale pale, na tangu siku hiyo hajaushika tena. Athman alikuwa akifuata masomo ya redio ya KBC. Anakaa chini na kalamu, babake anangoja kando kwa hamu, kipindi kikimalizika tu anazungusha kutafuta taarifa ya habari asikie wangapi leo.

Baba Athman nikueleze vipi? Hoteli ilifunga, wakaambiwa nendeni nyumbani mtaitwa. Mshahara hakuna, na kuitwa hakuna. Yule mtu miaka kumi na sita alikuwa anakuja mara moja kwa wiki, analala, anakula, anasifu mchuzi, anaondoka. Tulikuwa tunapendana sana, somo. Sasa amegundua kwamba sukari huisha. Anahesabu vijiko! Juzi ananiuliza kwa nini kitunguu kinakatwa kizima na wali ni wa watu saba. Nikamwambia njoo ukate wewe nusu, hiyo nusu nyengine ukaisome Kurani. Tukanuniana mpaka Isha.

Kisha likaja la Mei. Wewe ulilisikia redioni, mimi nilikuwa ndani yake. Tarehe 6, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale ukafungwa, sisi hapa na wale wa Eastleigh kule Nairobi. Hutoki, huingii. Siku kumi na tano wakasema, zikafika mwezi. Askari wamesimama barabarani, na ng'ambo ya barabara pale watu wanatembea zao, unawaona hivi. Waliokuja kupima watu waliwapata wachache. Si ujinga kama ilivyosemwa. Watu walikuwa wameshasikia habari za karantini, kwamba unachukuliwa mzima na siku za kulala unadaiwa wewe. Nani atakwenda kujipeleka?

Kufuturishana hakukuwapo. Nilipika tambi siku moja, nikazigawa sahani tatu kwa mazoea, kisha nikazitazama, nikazirudisha sufuriani. Lakini tarawehe, somo, ungekuwapo. Misikiti imefungwa, Baba Athman juzuu amma yenyewe anaikata njiani, basi Athman ndiye akawa imamu wetu. Miaka kumi na minne, sauti inavunjika mara nene mara nyembamba, babake amesimama nyuma yake kimya kabisa. Nililia kwenye sijda mpaka mkeka ukarowa. Nikajiambia huyu mtoto, huyu, Mungu atamfikisha mbali.

Na ni huyo huyo.

Juni walipotufungulia mtaa, nyumbani hapakuwa na kitu. Mjombake Mama Salim, yule wa samaki, vijana wake wawili ni wa Kilifi, na Mombasa ilikuwa bado imezibwa, wamekwama huko hawawezi kuingia. Akamuona Athman barazani hana kazi. "Kijana, njoo unishikie mizani." Siku ya kwanza akarudi saa sita na shilingi 200 na tafi wawili ndani ya gazeti. Akaziweka mezani. Hakusema kitu, akaenda kuoga.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Mimi nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mdomoni: nani kakutuma, una mtihani Novemba, nitakuja kumtukana huyo mzee mbele ya watu. Na asubuhi ile Ruqaya alikuwa amekunywa chai ya rangi, kavu, bila hata kipande cha mkate. Nikazitazama zile mia mbili. Nikazichukua. Nikamwambia Mungu akubariki mwanangu.

Kwa mkono huu, somo.

Nikajipoza kwamba ni kwa muda. Vijana wa Kilifi watarudi, shule zitafunguliwa, mambo yataishia hapo. Hata hivyo vitabu alikuwa bado anavishika usiku. Kuna siku nilifungua kile cha Hisabati kuangalia amefika wapi, nikakuta gamba la samaki limeganda ukurasa wa asilimia. Jembamba, linang'aa, ukilibandua linatoka na herufi. Sikulibandua.

Basi tarehe 7 Julai, hebu angalia mambo ya Mungu. Siku hiyo hiyo Mombasa inafunguliwa, mabasi yanatoka na kuingia, mimi moyoni nashukuru, nasema wale vijana sasa watarudi kwenye kazi yao. Siku hiyo hiyo Waziri wa Elimu, Magoha, anatoka anasema mwaka wa masomo wa 2020 haupo. Shule mpaka Januari. Mtihani wa darasa la nane hakuna mwaka huu, na kila mtoto atarudia darasa alilokuwamo. Tulikuwa sote tumeizunguka redio. Ruqaya akauliza, "Haupo umekwenda wapi?" Hakuna aliyemjibu. Athman alicheka. Si kicheko cha kufurahi wala cha hasira, yaani kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichotaka kununua tena. Akasema, "Sawa."

Kesho yake akaenda sokoni amevaa shati la shule.

Lile jeupe, jipya, nililomkatia Januari kwa fundi. Nikamwambia Athman, hilo ni la shule. Akanijibu kwa adabu tu, "Mama, mpaka Januari litakuwa limenibana." Na kweli, somo, mikono imeshaanza kuwa mirefu. Ningemjibu nini? Sasa limekuwa na rangi ya maji ya samaki, na nikilifua nalianika ndani, nisionekane na majirani.

Na wale vijana wa Kilifi wamekuja, mmoja karudishwa. Mzee anasema Athman hamwachi, kijana anajua hesabu. Nilikwenda kujionea mwenyewe, nimejifunika buibui na barakoa, hakunijua. Mteja anataka changu kilo mbili na robo, bei 380. Mizani haijatulia, Athman ashasema mia nane hamsini na tano. Bila kalamu. Yule mama akatoa simu kuhakikisha, ikawa ndiyo hiyo hiyo. Watu wakacheka, mzee akampiga bega. Nikaona uso wa mwanangu, somo. Miezi minne sijauona uso ule. Nikarudi nyumbani bila kununua kitu.

Babake anasema mwache, mtoto wa kiume ajue jasho. Lakini namjua mimi, anasema vile kwa sababu zile mia mbili zinamuuma kuliko zinavyoniuma mimi. Mama mkwe naye anasema mbona kaka yako alianza hivyo hivyo na leo... halafu akanyamaza mwenyewe, akakumbuka. Wewe kisa cha kaka unakijua. Sitaki hata kukiandika kwenye karatasi ya Athman.

Haya, ile picha. Nimekuahidi. Uliponitumia picha ya Mwanaidi wako na sare yake tarehe 29 Juni, siku shule zenu zilipofunguliwa, soksi mpaka magotini, mkoba mgongoni, niliitazama sana. Kisha nikaifuta. Sikuweza kukujibu. Watoto wamepishana miezi miwili, tuliwabeba pamoja, na wa kwako atafanya mtihani wake wa darasa la saba, Januari yuko sekondari, wa kwangu atakaa dawati lile lile na watoto wa nyuma yake, kama atakaa. Nilikuonea wivu, Zuhura. Nikasema na huko kwao ugonjwa upo, rais wao tu ndiye kasema umekwisha, si wajifukize nyungu zao waseme wamepona. Nilisema hivyo moyoni mwangu. Nisamehe. Mtu akifungiwa ndani roho nayo inaingia kutu.

Lililobaki ni hili ninalokuomba. Mpigie. Si mimi, yeye. Piga jioni baada ya Magharibi, simu ya babake, sema unamtaka Athman. Usimpe nasaha, ana nasaha za kutosha, maalim amempa, imamu amempa, mpaka muuza kahawa. Wala usimwambie nimekuandikia. Muulize hesabu. Mwambie Mwanaidi amekwama kwenye asilimia, umsikie atakavyoeleza. Akieleza vizuri mwambie Mwanaidi atapiga tena kesho. Ile kamusi uliyomletea bado iko kitandani kwake, haina gamba hata moja, nimeikagua. Kwako wewe hatasema "sawa" kama anavyonisemea mimi.

Na kama atakuuliza mama anasemaje... Hapo sijui. Maana nikimwambia acha, kesho tutakula nini? Na nisipomwambia, Januari nitamtoa wapi? Mwalimu wake mmoja wa masomo ya ziada, wa shule ya kulipia, hajapata mshahara tangu Machi, anauza barakoa karibu na stendi. Athman alinunua kwake mbili. Akanisimulia hivyo hivyo, hakuongeza neno. Sasa mtoto kama huyo utamwambia soma uwe kama nani?

Ruqaya mwenzake hana habari, anafunza wanasesere darasani kwake barazani. Amewafungia wawili karantini ndani ya kapu. Mmoja anadaiwa.

Nijibu lakini. Mama mzee kifua kimetulia? Ule msiba wa jirani yako ulikuwa ni ule ugonjwa, au mlisema presha? Watoto darasani wanavaa barakoa au ndiyo basi? Mpakani Horohoro kuna mtu anapita sasa, au ni malori tu? Mwanaidi yale masomo ya miezi waliyokaa nyumbani wanayafidia vipi, wanarudi jioni? Ana daftari zuri la Hisabati unipigie picha kurasa mbili tatu? Na mumeo, kazi ipo? Na wewe mwenyewe, mbona kwenye picha ya mwisho umekonda, au ni simu yako? Kanga yangu ya kisutu bado unayo au umeshaikata nepi?

Adhana hiyo. Nasikia mlango wa chumba chao, kisha miguu yake kwenye ngazi, anashuka polepole asituamshe. Ashanikuta hapa. Ananiuliza naandika nini, nimemwambia hesabu ya duka. Anataka chai kabla hajatoka. Ngoja nikamtilie.

Somo yako,
Zuhura wa Kibokoni

Piga Jumanne. Jumatatu babake anakwenda kuulizia hoteli na simu ataondoka nayo.