Usisubiri Jumamosi

Dunda, Bagamoyo

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka pwani. Huku sote wazima, joto ndilo limeanza kututafuta. Ujumbe wako nimeupata, na maswali uliyouliza hayajibiki kwa mistari miwili ya simu, ndiyo maana nimekaa nikuandikie barua nzima kama enzi zetu za chuoni. Soma taratibu, ikibidi mara mbili, kisha ndiyo uende ukaombe ruhusa kazini.

Umeuliza tamasha ni lini. Hilo la TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, unajua, lilianza mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya chuo chenyewe kufunguliwa hapa, na tangu hapo ndilo linalouamsha mji huu. Zamani tulizoea kuliona mwisho wa Septemba. Siku hizi linasogeasogea, mara Oktoba, mara Novemba, kwa hiyo usikate tiketi kwa kusikia kwa watu. Subiri ratiba itoke chuoni kwenyewe. Mimi napita pale getini mara kwa mara, wakibandika tu tangazo utapigiwa simu kabla gundi haijakauka.

Sasa sikiliza neno langu: usisubiri Jumamosi. Najua utashawishika kuja wikiendi ili usipoteze siku za kazi. Lakini usiku wa kilele ni wa spika. Wanakuja wasanii wenye majina kutoka Dar, vijana wanajaa, vumbi linatimka, na wewe uliyesafiri kutoka Dodoma utasikia nyimbo zile zile unazopigiwa kwenye basi. Sisemi ni mbaya. Watoto wangu wanaupenda usiku huo kuliko sikukuu. Ila huo hauhitaji Bagamoyo, unaweza kufanyika popote penye umeme. Siku ya ufunguzi nayo ina hotuba, na hotuba za huku unazijua, mgeni rasmi anachelewa halafu anawashukuru wote mmoja mmoja. Njoo siku zile za kawaida, ukae kuanzia alasiri, wakati vikundi vya mikoani na wanafunzi wanapopanda jukwaani. Hapo ndipo utawaona Wasukuma na majembe yao kwenye bugobogobo wakiyarusha juu na kuyadaka, na Wangoni na lizombe lao, na sindimba ya Wamakonde ambayo kila mwaka hakosi mzee wa kuinamisha kichwa akijifanya hatazami viuno.

Lakini kilichonifanya nikuandikie si sindimba. Ni muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo.

Wewe muheme umeukuta kwa bibi yako. Unajua kina mama wanavyoibana ngoma mapajani, unajua unapigwa kwa ajili ya nini na ni nani hatakiwi kuwa karibu. Mimi mtu wa pwani nimeujulia jukwaani. Huku unapigwa na binti wa Kipemba akiitikiwa na kijana wa Kihaya, wote wawili hawajui hata kuitikia salamu ya «mbukwenyi», na wanaupiga mpaka nywele zinakusimama. Maana chuoni hakuna ngoma ya kabila lako na ya kabila langu. Mwanafunzi anafundishwa zote na mtihani anafanya. Ndivyo wazo lenyewe lilivyokuwa tangu zile siku za vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, kabla havijavunjwa, wasanii wake wengine wakaletwa huku kufundisha.

Na mtu aliyeleta muziki wa kwenu mpaka ukaota mizizi kwenye mchanga huu unamjua kuliko mimi, marehemu Hukwe Zawose. Alitoka huko kwenu Ugogo, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, na baadaye akahamia hapa chuoni kufundisha. Alipofariki Desemba 2003 alikuwa ameshauzungusha huo wimbo wa Kigogo duniani, sauti ile ya kupanda juu mpaka unadhani amekuja mtu mwingine. Ukoo wake umebaki hapa hapa Bagamoyo. Wajukuu wanachonga marimba, wanatengeneza zeze, na wanawake wa ukoo, Pendo na Leah, mwaka 2024 walitoa albamu yao wenyewe. Zamani watu waliwazoea wakicheza na kuitikia nyuma ya wanaume. Sasa wao ndio wako mbele, na wanaume wako nyuma yao. Ukija nitakupeleka ukaone marimba yao kwa karibu. Yale matundu wanayobandika utando wa buibui ili sauti iwe na mvumo, mimi nilidhani ni hadithi ya kuwafurahishia Wazungu mpaka nikaonyeshwa.

Ndiyo sababu nakutaka wewe, si mgeni yeyote. Kuna jambo linanikera na sina wa kubishana naye. Ngoma ya nyumbani kwenu haina saa. Inaanza jua likizama, na mwisho wake ni wachezaji kuchoka. Hapa kila kikundi kinapewa dakika zake, kinaingia kwa mstari na kutoka kwa mstari, vitenge vimeshonwa sare, wote wanatabasamu kwa hadhira. Mwali hayupo. Somo wa kumfunda hayupo. Kuna watu wa hapa wanasema ngoma ikiondolewa ilikozaliwa inakuwa maonesho tu, haina tena roho. Wengine wanasema bila chuo hiki nusu ya ngoma hizi zingebaki kwenye kanda za redio. Mimi niko upande wa hao wa pili, kwa sababu nimeona watoto wa mtaa wetu waliokuwa hawajui hata mdundiko wa babu zao wakirudi kutoka tamashani wanapiga ndoo. Lakini mimi si Mgogo. Nataka nikae kiti cha pembeni yako uniambie, hapo wamepatia, hapo wameharibu, na hapo bibi angenyanyuka aondoke.

Watoto walete. Sarakasi itawamaliza. Sarakasi ya huku ina historia yake. Serikali ilipeleka vijana China miaka ya 1960 kujifunza, waliporudi ndipo kikaanzishwa kikundi cha taifa, na mpaka leo wanavyopandiana mabegani unaona shule ile ile. Ila waambie mapema, wasiende kujaribu juu ya kabati la mwenye nyumba.

Kitu kingine hakimo kwenye ratiba yoyote. Miezi hii watoto wanatolewa jandoni, na mabinti wanachezwa unyago, hasa ukitoka mjini kidogo kwenda kwa Wakwere na Wazaramo. Ukisikia mdundiko unapita Magomeni au Nianjema usiku, shika watoto mkono. Mdundiko haukai mahali, unatembea, na sote tuliokulia uswahilini tumeonywa habari za watoto waliofuata ngoma wakajikuta mtaa wasioujua. Kuuona, uone. Huo haukatiwi tiketi wala hauna mgeni rasmi, na ukiniuliza mimi, unaupita mchana wote wa jukwaani.

Ikitokea kazini wakakunyima ruhusa, usinune, kuna Maulidi. Hayo yanafuata mwezi, si kalenda ya ofisi. Ni mwezi wa Mfungo Sita na kuendelea, na kila mwaka yanarudi nyuma siku kumi na kitu. Hapa ni mji wa Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani akiwa mtumwa kutoka Umanyema akaja kuwa sheikh mkubwa wa tarika ya Kadiria, mpaka alipofariki mwaka 1931. Wageni wanaokuja kwa ajili ya maulidi hayo ni wengi mno, wanalala mabarazani. Wewe ni mtoto wa Kianglikana, najua, lakini zikri ikianza usiku kifua kinaitika bila kuuliza dhehebu. Utajifunga kanga yangu.

Mambo ya majengo sikuelezi sana, umeyasoma shuleni. Kaole na misikiti yake ya magofu, Misheni ya mwaka 1868, mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 baada ya watumishi wake kina Chuma na Susi kuubeba toka bara. Asubuhi moja inatosha, twende kabla jua halijakomaa, maana Kaole vivuli ni vya kugombania.

Mtaa wa India ndiko nitakakokutembeza zaidi, kwa wachongaji na wachora Tingatinga. Yule mwanao anayechora kwenye kila daftari mwache akae pale barazani aangalie wanavyoweka rangi, hawamfukuzi mtoto. Wewe ukitaka kinyago usinunue siku za tamasha, bei inapanda kwa ajili ya wageni, na usinunue bila mimi. Wapo wanaouza mti wowote uliopakwa kiwi ya viatu wakikwambia ni mpingo. Mpingo wenyewe ukiushika mkono unashuka, na ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama. Muulize tu muuzaji kama ana ndoo, utaona bei inavyobadilika.

Safari siyo ile ya kutoka alfajiri na kufika umekunjamana. Panda hiyo treni ya umeme iliyoanza kufika kwenu Julai 2024, ushuke Dar, kisha ufike Makumbusho upande gari la Bagamoyo. Ni kilomita 60 na ushee, lakini usizihesabu kwa kilomita, zihesabu kwa foleni ya Tegeta. Ukishavuka Bunju unapumua. Ukija kwa basi kuna njia ya kushukia Chalinze na kupitia Msata, na lami ipo nzuri, ila na watoto na mizigo siipendi, magari ya pale yanasubiri mpaka abiria wa mwisho apatikane.

Kulala, mtalala kwangu. Siku za tamasha gesti zinajaa na bei zinapata wazimu. Leta shuka jepesi na dawa ya mbu, chandarua ninacho. Mvua za vuli zikiwahi, ukumbini kuna paa. Ule wa zamani wa makuti uliungua mwaka 2002, huu wa sasa ni imara. Jioni tutashuka sokoni kwa samaki wa kukaanga, na pweza utamla safari hii, mambo ya kusema anakutazama tumeshayachoka.

Mimi nakudai mlenda mkavu, ule wa mama yako, si wa sokoni. Na zabibu, ila zipakate mwenyewe kwenye treni, usizifungashe na viatu vya watoto.

Nijibu upesi basi, maana wifi yangu naye ameanza kuuliza habari za tamasha, na godoro la wageni ni moja. Wasalimie wote nyumbani, na mama mkubwa mwambie mbukwa.

Shoga yako wa Dunda