Barua kwa mdogo wangu: hapa si pa mkoko

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei tangu hitima ya baba, na ujumbe unausoma tu. Basi nakuandikia hapa, ambapo hata usipofungua utahadithiwa.

Umemwambia shangazi kwamba nimekuharibia kazi. Kwamba wale wageni waliorudi kukagua mikoko mliyopanda na mradi wenu, mimi ndiye niliyewafikisha ufukweni na kuwaonyesha vijiti vikavu. Ni kweli, niliwapeleka. Waliniuliza mlipopanda, ningewapeleka wapi, gulioni?

Ile siku unaikumbuka kuliko mimi, maana picha unazo wewe. Maji yamekupwa, watu wamevaa fulana mpya, mbegu za mkoko zimefungwa mafungu mafungu. Baba akaja na bakora yake, akautazama ule mchanga, akasema, "Hapa si pa mkoko. Hapa pa mlilana, na mlilana haupandwi, unakuja wenyewe." Wageni wakageuka. Nawe ukacheka, ukamtoa fungu mkononi, ukamwambia, "Mzee, hayo tutaongea nyumbani." Nyumbani gani? Maji yalipojaa ulipanda boti na wageni wako mkarudi bandarini Nyamisati. Chai aliyokuandalia mama ililala kwenye chupa. Baba aliishi mpaka kusi iliyofuata, na hayo mazungumzo hayakuwapo.

Mzee amekata boriti mikokoni tangu ujana wake, alijua anachosema. Ngoja nikueleze mimi, kwa kuwa yeye hukumpa nafasi. Miti hii ya maji ya chumvi yote tunaiita mikoko, lakini mkoko wenyewe ni aina moja tu, na mlilana ni aina nyingine. Mkoko hauangushi kokwa ikangoje kuota ardhini. Ua likishika, tunda linabaki dogo, la kahawia, na mbegu iliyomo inachipua humo humo, juu mtini. Kijiti cha kijani kinatoboa tunda kwa chini, kinarefuka miezi na miezi kikinyonya kwa mama yake, na kinaweza kupita nusu mita. Kikiiva, utaona pete ya manjano pale kinapoungana na tunda, kisha kinachomoka. Kikikuta maji yamekupwa, huenda kikajichoma kwenye tope palepale. Kikikuta yamejaa, kinaelea, mwanzo kimelala, halafu ncha ya chini inakuwa nzito na kinasimama wima, kinagusagusa chini hadi kipate pa kushika. Wiki nyingi kinakaa majini na bado kiko hai.

Kwa hiyo mbegu za mkoko zimefika pale mchangani miaka yote, kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Bahari ilizileta na bahari ikazizoa. Pangekuwa pa kukaa, zingekaa. Msitu wetu huu wa delta ya Rufiji ndio mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 40,000, na si watu walioupanda.

Mlilana ndio unaosimama mbele na kupigwa na mawimbi. Tunda lake la duara, lenye kikalio kama nyota, limejaa vimbegu vidogo ambavyo hakuna anayetaka kupiga navyo picha. Mkoko unashikika, ni mche tayari, hauhitaji kitalu. Mtoto anaweza kuchoma mstari mzima kabla maji hayajarudi. Hiyo ndiyo sababu mnaupenda. Usiniambie kuna nyingine.

Wala nisikuonee. Wewe ndiye uliyekuwa fundi wa komafi, lile tunda la mkomafi, mti mwingine wa mikokoni. Tukilipasua, zile mbegu zake za pembe pembe zinatapakaa barazani, na ni wewe tu uliyeweza kuzipanga upya likawa tufe. Sisi wengine tulibaki na moja mkononi isiyo na mahali. Baba aliwaambia majirani, huyu atakuwa injinia.

Sasa niambie mimi kosa langu ni lipi. Mgeni kaniuliza, "Vimekufa kwa nini?" Ulitaka niseme vimeliwa na kaa? Kaa wa mikokoni wanakula mbegu, sawa, ila vile vijiti havikuliwa, vilikuwa vimesimama vikavu kwenye mistari yenu. Nilisema alichosema baba, kwa maneno yake, na jina lake nikalitaja, na yule mgeni akaandika kwenye daftari. Kama fedha zenu zimekatwa, mkono uliokata si wangu. Ada ya mwanangu ulilipa wewe, sijasahau, na kila nikiswali nakuombea. Lakini ada haininunui nikamkane mzee wangu akiwa kaburini. Ningefanya tena, kesho asubuhi.

Mkipata fedha nyingine, achaneni na ufukwe. Kuna yale mashamba ya mpunga yaliyoachwa kule nyuma. Yatengenezeeni maji njia ya kuingia na kutoka, basi. Mchu, aina nyingine ya mikoko, utakuja. Mbegu yake ni kama lozi, inavua ganda ikiwa majini na kuota haraka ikipata tope lililotulia. Hamtakuwa na picha za kupanda, hilo najua.

Njoo wakati wa bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, nikuonyeshe. Lala kwa mama, si kwenye nyumba ya wageni. Na shangazi anasema ile hela ya sanda aliyokukopesha hujamrudishia. Hilo halikuwa la kuandika hapa mbele za watu, lakini nimeshaandika, mlipe.

Dada yako